Wajawazito wa Njia ya Zahanati

Tuda alikuwa akichekecha majivu. Aliyachekecha kwa kipande cha shela kuukuu juu ya sinia, taratibu yasije yakampanda puani, kwa sababu katika kijiji cha Tamalut mtoto mchanga hupakwa majivu ya mwaloni mapajani badala ya poda, na majivu yenye chembe humchubua. Vijikaa alivyovikuta alivirudisha motoni. Alikuwa ameketi juu ya ngozi ya kondoo, miguu ameitanua, na tumbo limekaa katikati kama mgeni aliyekaribishwa mahali pa heshima.

Kazi nyingine zilikuwa zimekwisha. Kuni zilipangwa ukutani mpaka darini. Samli iliyochemshwa na zaatari ilikuwa mtungini. Uwatu ulikuwa umeoshwa na kukaushwa kwa ajili ya mchuzi wa mzazi, na kuku wa mchuzi huo alikuwa bado hai, akitembea humo chumbani kwa maringo. Wembe ulikuwa umechemshwa ukafungwa katika kitambaa safi pamoja na uzi wa sufu. Chini ya sakafu ya mbao walifungiwa kondoo, na joto lao lilipanda kupitia nyufa pamoja na harufu yao. Mama mkwe wake, Lalla Ijja, alikuwa ameagiza kitanda cha mzazi kiwekwe juu ya mahali wanapolala wale wanene.

Aliyekuwa hajawa tayari ni mtoto. Mwanzoni mwa vuli nesi wa zahanati ya sokoni alimpapasa Tuda akasema mtoto amelala mkingamo, kichwa ubavu huu na miguu ubavu ule, na mtoto wa namna hiyo hazaliwi nyumbani. Alimwambia, kama lilivyosema bango la ukutani, kwamba ashuke kabla ya theluji akae karibu na zahanati. Tuda hakuwa na ndugu huko bondeni. Zaid, mumewe, alihangaika mpaka akapata chumba kwa fundi viatu, wakapanga kushuka Jumatatu, siku ya soko. Theluji ikaanguka Jumapili. Ilianguka bila kupumzika mpaka ikafika madirishani, njia ya nyumbu ikapotea, na Tamalut ikafungwa kama inavyofungwa kila mwaka mpaka barafu iyeyuke.

Zaid aliingia akikung'uta joho lake la sufu mlangoni. Ndevu zake zilikuwa zimeganda.

"Njia ikoje?" Lalla Ijja alimwuliza.

"Njia gani, mama? Nimefika kona ya kwanza nikarudi."

"Izza yupo?"

"Yupo. Theluji imemfika kifuani. Nimempangusa kichwa."

"Umefanya vizuri. Mtoto wa watu yule."

Izza alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, akiwa bado msichana, akipelekwa zahanati kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mwili wake ulirudishwa ukazikwa juu ya kijiji pamoja na wengine, lakini yeye mwenyewe alibaki pale safari yake ilipokatikia. Kona iliyofuata alikaa Hadda, mke wa kwanza wa Zaid. Ya tatu, karibu na daraja, alikaa Rqia, ambaye alikuwa mkunga wa Tamalut mpaka mimba yake ya uzeeni ilipomwua, na baada yake hakukuwa na mkunga mwingine. Walikaa juu ya mawe yao kiangazi na baridi, na matumbo yao hayakupungua. Hawakumsumbua mtu. Waendao sokoni waliwaamkia, na Zaid kila akipita alimweleza Hadda habari za kondoo, kwa sababu kondoo wale walianzia kwenye mahari yake. Tuda alilijua hilo na hakulipenda, ila hakuwa na la kusema. Angeonekana mwenye choyo.

Uchungu ulimjia Jumatano asubuhi, kabla ya wakati wake, alipokuwa ameinama kulisha moto. Chupa ilipasuka, maji yakapita kwenye nyufa za sakafu, na kondoo mmoja chini akalia. Lalla Ijja alimlaza, akapasha mikono yake motoni, akamshika tumbo huku na huku. Alikuwa amezaa wanane na kuzika watatu. Hakuwa mkunga, lakini kichwa cha mtoto alikijua.

"Bado amelala vile vile," alisema. "Kama komeo la mlango."

"Atageuka?" Tuda aliuliza.

"Rqia angemgeuza."

Kisha Lalla Ijja akamtazama mwanawe. "Zaid. Nenda kamwambie fakihi atoe jeneza."

Zaid alisimama pale pale. Alikuwa ameshika kiatu kimoja.

"Nenda, mwanangu. Nyumbu hapiti."

Kijiji hakikuwa na machela. Kilikuwa na jeneza la msikiti, la mbao za mwerezi, lenye mikono mirefu minne, na yeyote asiyeweza kutembea wala kupanda nyumbu alibebwa kwa hilo, awe hai au la. Fakihi wa msikiti huo, Sidi Brahim, alilitoa kila mara, na kila mara alitoa masharti. Alikuja nalo mwenyewe mpaka mlangoni, kilemba kimefunika masikio, wanaume wanane, Zaid akiwa mmoja wao, wakiwa nyuma yake.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Hili likipita, kila aliyekaa husimama. Ndiyo adabu, hai kwa maiti. Wale wanawake wa kwenye kona walilelewa vizuri, watasimama. Na wakisimama, mimi sina kisomo cha kuwakalisha. Kwa hiyo hili leo si jeneza. Ni bibi harusi anapelekwa kwa mumewe. Mmenielewa?"

"Mumewe si huyu hapa?" mmoja akasema, na wengine wakacheka kidogo.

"Kichwa kitangulie, si miguu. Imbeni za harusi. Semeni habari za mbuzi, semeni upuuzi wowote, huo mnauweza. Ila tahalili ya mazishi nisiisikie. Na msiliweke chini njiani. Likiguswa na ardhi, ardhi inadhani imeletewa chake."

Walimfunika Tuda kwa blanketi jekundu la harusi yake, wakamfunga kwa kamba kifuani na magotini ili asiteleze. Lalla Ijja alimtia mawe ya moto miguuni, akampachika kifuani kile kitambaa chenye wembe na uzi. Hakulia. Alimpangusa Tuda jasho la usoni, kwani lilikuwa linaanza kuganda, akarudi ndani kuangalia moto.

Kutoka chini ya blanketi Tuda aliona mbingu nyeupe, vidole vya Zaid kwenye mkono wa mbele wa jeneza, na mvuke wa pumzi za watu. Uchungu ulikuja, ukambana, ukamwachia. Kila ulipombana alihisi kitu kigumu kikisukuma ubavu, mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Wanaume waliimba. Waliimba kwamba bibi harusi ni mwezi, kwamba nyumba ya baba yake imebaki giza. Theluji iliwafika mapajani na wimbo ulikuwa ukikatika kila mguu ulipozama.

"Huyu mwezi mzito!" alisema aliyekuwa nyuma. "Kwao walimlisha nini?"

"Shayiri yenu," Tuda alijibu kutoka ndani, na wakacheka, na kucheka kuliwapa hatua chache.

Mkono wa nyuma, upande wa kushoto, aliushika Da Moha. Alikuwa mzee kuliko wote, na hapakuwa na maiti Tamalut ambaye hakuwahi kupita begani kwake. Walikuwa wamemwambia abaki nyumbani. Alisema jeneza lisipokuwa na bega lake litakwenda upande. Palipoanza mteremko, upepo ukachacha na pumzi zikawaishia, wimbo ulikufa. Yakabaki mabega nane na mwendo ule ule ambao miguu yao iliujua, kwani uzito ule na mikono ile haikuwahi kwenda kwa mwendo mwingine. Na kinywa cha Da Moha kikaufuata mwendo. "La ilaha illa Llah," alisema, taratibu, kama watu wasemavyo wakibeba. Wenzake wakaitikia. Hata Tuda, chini ya blanketi, aliitikia.

"Moha!" Sidi Brahim alipiga kelele.

"Astaghfirullah. Miguu imenitangulia, Sidi."

Lakini walikuwa wamefika kona ya kwanza, na Izza alikuwa amesimama. Theluji ilimporomoka mabegani. Alisimama kwa adabu, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya tumbo, akangoja lipite. Lilipofika mbele yake aliona blanketi ni jekundu, akainua ncha yake akachungulia.

"Hujafa?" alimwuliza Tuda.

"Bado."

"Wanakupeleka wapi?"

"Zahanati."

"Na mimi ndiko nilikokuwa nakwenda," Izza alisema. Akashika ubao, akapanda, akajikunja miguuni kwa Tuda. Jeneza lilishuka kiasi cha shubiri moja, wanaume wakaguna.

"Ameshapanda," alisema Da Moha kwa aibu.

"Tumejua, Da Moha. Mabega yanatuambia."

Walikwenda. Hakukuwa na la kufanya, maana kurudi ilikuwa ni kupanda. Mwendo ulikuwa wa kinyonga sasa, na Tuda alisikia magoti ya watu yakilia. Miguu yake iliyokuwa juu ya mawe ya moto ilikuwa baridi, kwa sababu Izza alikuwa ameyakumbatia mawe yote.

"Niachie moja," Tuda alisema.

"Samahani, Lalla, bibi yangu. Ni muda mrefu." Izza alimrudishia moja.

Kwenye kona ya pili Hadda alikuwa amekwisha kusimama, maana kwa upepo ule tahalili ilikuwa imemfikia mbali. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye tatuu ya mstari kidevuni. Hakuuliza wanakwenda wapi. Alimtazama Zaid, akatazama viatu vyake vilivyochanika, kisha akapanda ubavuni mwa Tuda bila kuomba ruhusa, kama mtu anayeingia kwake. Zaid alipiga goti moja kwenye theluji, akainuka.

Walilala bega kwa bega, matumbo mawili yakiinua blanketi. Uchungu ulimjia Tuda, na kwa kusikia pumzi ya mwenzake alijua kwamba ulikuwa umewajia pamoja. Ulipoondoka Hadda alisema, "Wewe ndiye uliyechukua mtungi wangu wa samli?"

"Niliukuta."

"Una ufa chini. Usiuweke karibu na moto."

"Nimeuziba."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa chokaa na ute wa yai."

Hadda alifikiri. "Itashika," alisema.

Rqia alipopanda kwenye kona ya tatu, jeneza halikwenda tena. Alikuwa mnene tangu uhai wake, na mimba yake ilikuwa ya pacha. Alikaa mbele, kichwani kwa Tuda, akawaamkia wanaume wote kwa majina, kwa kuwa karibu wote aliwapokea yeye duniani. Walisimama na mzigo mabegani, mishipa ya shingo imewatoka, hawawezi kwenda mbele na hawaruhusiwi kuweka chini. Daraja lilionekana, na ng'ambo yake paa la bati la zahanati. Mmoja alianza kutetemeka.

"Zaid," Sidi Brahim alisema. "Zungumza na mkeo."

"Yupi?"

"Huyo ambaye leo tunaweza kwenda bila yeye. Akishuka yeye labda wengine watamfuata."

Zaid aligeuza uso kadiri alivyoweza. "Hadda. Nakuomba ushuke. Tutakwama, na huyu atatufia."

"Mwaka ule uliniambia nivumilie mpaka darajani," Hadda alisema. Hakuwa na hasira. "Nikavumilia. Ukasema upumzike kidogo, uvute pumzi. Nikakungoja upumzike. Sasa nivumilie mpaka wapi?"

Watu wote wa Tamalut walijua kwamba Zaid alipumzika. Hakuna aliyewahi kumwambia, na kila mmoja alikuwa amemwambia kwa kutomwambia.

Uchungu ulimbana Tuda, wa namna nyingine, mrefu, na kitu kikateleza. Alijua bila kuona kwamba ni mkono wa mtoto. Alipiga ukelele. "Acheni wapande!" alisema ulipomwachia. "Wamo wamo. Mnabishana nini na watu wenye uchungu? Liwekeni chini!"

"Haliwekwi chini," alisema Da Moha.

Wote walimtazama fakihi. Barafu ilikuwa kwenye nyusi zake. "Anayekatazwa kugusa ardhi ni anayekwenda kuzikwa," Sidi Brahim alisema baadaye kidogo. "Hawa wanne wanakwenda kuzaa. Wekeni."

Waliweka. Jeneza halikuzama, kwa kuwa mbao za chini zilikuwa pana. Lilikaa juu ya theluji kwa muda, kisha, kwa uzito wa wanawake wanne na watoto wao watano, likaanza kwenda lenyewe. Wanaume walifungua vilemba, wakavifunga kwenye mikono ya nyuma ya jeneza, wakang'ang'ania kulizuia. Likateremka. Lilipasua rundo la theluji lililoziba njia ya daraja, ambalo wanaume wanane wasingelipasua kwa mabega, likavuka daraja kwa kishindo, Rqia akiwa mbele kama dereva, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto, nyie watoto! Nani aliwafundisha kubeba?" Izza alicheka. Tuda alisikia kicheko hicho cha kitoto na akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha kisima.

Walisimama mbele ya zahanati adhuhuri ikiwa haijaadhiniwa. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe yenye baraza, na benchi la zege barazani. Juu ya mlango palikuwa na hilali nyekundu. Mlangoni palikuwa na mnyororo na kufuli, na theluji iliyorundikana kizingitini haikuwa na alama ya mguu.

Zaid aligonga. Aligonga kwa ngumi, kisha kwa bega. Mwenye duka la ng'ambo alitoka, amejifunga blanketi.

"Hayupo," alisema.

"Yuko wapi?"

"Nesi? Ameshuka mjini. Theluji ikianza tu hushuka. Kuna baridi hapa, na dizeli ya kupashia moto hawamletei."

"Atarudi lini?"

"Barafu ikiyeyuka. Kila mwaka hivyo." Akawatazama kwa mshangao mdogo, wa mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Hamkujua? Nyie wa juu hamjawahi kuja wakati huu?"

Hakuna mtu wa Tamalut aliyewahi kufika hapo wakati wa theluji. Wote waliotumwa walifia njiani, na waliowabeba waligeuka nao nyumbani kuwazika, wakisema kila mara kwamba walikuwa karibu, kwamba kama wangeongeza mwendo kidogo wangefika.

Hadda alishuka. Alipanda barazani, amejishika kiuno, akafuta kioo cha dirisha kwa mkono wa nguo yake akatazama ndani. Izza alikuja akatazama naye. Palikuwa na kitanda kimoja chenye ngozi ya plastiki. Palikuwa na mizani ya kupimia watoto, jiko la dizeli lisilo na moto, na lile bango ukutani.

"Ndicho hiki?" Izza aliuliza.

"Ndicho," Hadda alisema. Aliendelea kutazama. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Kwa hiyo hata ungekimbia, Zaid."

Zaid alikaa chini kwenye theluji, kiatu chake kilichochanika kimetazama juu.

"Mtakaa kulia au mtanisaidia?" alisema Rqia. "Hebu mleteni barazani. Wanaume geukeni, shikeni mablanketi kama ukuta. Moha, wewe hasa geuka. Wewe mwenye duka, una maji ya moto? Basi unangoja nini?"

Walimweka Tuda kwenye benchi la zege. Rqia alifungua kitambaa chenye wembe na uzi, akavikagua, akasema Ijja hajasahau mambo. Akajipaka mikononi mafuta ya zeituni ya dukani.

"Mikono yangu ni baridi, mwanangu," alisema. "Hilo siwezi kulirekebisha. Vumilia."

Tuda aliuhisi ubaridi ukiingia, mpaka mahali ambapo hakujua kwamba pana mahali. Hadda alimshika mabega kutoka nyuma. Izza alishika goti moja, akatazama kila kitu kwa makini, macho yameduwaa, kama anayetaka kujua alikosea wapi. Rqia aliurudisha ule mkono mdogo ndani. Alitafuta mguu, akaupoteza, akautafuta tena, akizungumza na mtoto kwa sauti ya chini kama mtu anayemshawishi mbuzi atoke kwenye shamba la watu. Damu ilitiririka kwenye zege ikaganda. Tuda aliacha kupiga kelele, na hapo ndipo Hadda alipomfinya sikio kwa nguvu.

"We! Usinilalie. Kona zimejaa. Huna pa kukaa."

"Sukuma," alisema Rqia. "Sasa. Sasa!"

Mtoto alitoka kwa miguu, wa kike, wa buluu, na hakusema kitu. Rqia alimsugua mgongo. Alimpulizia puani, lakini pumzi yake haikuwa na joto na haikusaidia. Akamtazama Hadda, na Hadda akapita ukuta wa mablanketi akamshika Zaid bega.

"Simama. Fungua nguo. Sisi hatuna moto."

Zaid alifungua joho na shati, wakamtia mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wakafunga. Alimpulizia kama alivyoambiwa, pumzi ndogo ndogo. Walingoja. Wanaume wote wanane walikuwa wamegeuka sasa na Rqia hakuwakataza. Kisha kutoka ndani ya joho ilitoka sauti ya hasira, nyembamba, na Da Moha akaikariri adhana kuelekea kwenye joho, kwa kuwa sikio lenyewe halikuonekana.

Mwenye duka alimchukua Tuda na mtoto ndani, karibu na jiko lake la gesi. Walikaa hapo siku kadhaa, mpaka Tuda alipoweza kukaa bila kizunguzungu. Jeneza lilirudishwa tupu, na kwa mara ya kwanza wanaume hawakujua waimbe nini wakati wa kurudi, wakapanda kimya.

Wale watatu hawakurudi kwenye kona zao. Walikaa kwenye benchi la zahanati. Tuda alipokuwa anaondoka, mtoto amefungwa mgongoni, aliwauliza kama wangependa wasindikizwe nyumbani.

"Tumefika, Lalla," Izza alisema. "Tunamngoja nesi."

Nesi alirudi barafu ilipoyeyuka. Alikuwa mwanamke kijana, mchovu, na begi lilikuwa limemchosha zaidi. Alifungua kufuli akawakuta wale watatu, wa kwanza kwenye foleni. Aliwaambia wajawazito huonwa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Walingoja. Alhamisi aliwaita mmoja mmoja, akawapima tumbo kwa kipembe chake cha kusikilizia watoto, akasikiliza muda mrefu. Aliwaambia kwamba kwa hali zao walipaswa kuwahi. Aliwapa vidonge vya kuongeza damu, akawaambia warudi tena. Kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda wakisubiri kurudi, walibaki barazani, na wagonjwa wengine walizoea kuwapisha magoti.

Tamalut ilituma watu kwa kaidi, mtawala wa eneo lile, kusema habari ya kufuli. Kaidi aliwasikiliza, akawapa chai, akasema dizeli imo kwenye mpango.

Vuli ya mwaka wa pili Tuda alishuka kumchanja binti yake, ambaye alikuwa anatembea tayari na kushika kila kitu. Theluji ya kwanza ilianza kuanguka akiwa bado barazani. Nesi alimaliza, akafunga madirisha, akazungushia mlango mnyororo. Aliwaomba radhi waliokaa kwenye benchi, wainue miguu kidogo apitishe begi, akakimbilia gari la mwisho la kwenda mjini.

Mtoto alikwenda moja kwa moja kwa Hadda, akashika tatuu ya kidevuni kwake. Hadda alimwacha aivute. Alikuwa akimtazama Tuda, jinsi alivyosimama, jinsi alivyoweka mkono mmoja kiunoni.

"Huyu wa ndani anakuja lini?" alimwuliza.

"Mwezi wa baridi kali," Tuda alisema. "Katikati."

Hadda aligeuka akamtazama Izza, na Izza akamtazama Rqia. Kisha wote watatu wakasogea kuelekea ukutani, na Hadda akapangusa theluji kwenye ile sehemu ya benchi iliyobaki wazi.